Portastudio 424 MkIII pamoja na Reaper: tathmini ya mrekodi wa taarab nyumbani

Kwa mtu wa Unguja anayerekodi taarab chumbani kwake, kompyuta peke yake ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Hata hivyo, mashine ya kaseti ya treki nne (njia nne za sauti, kila moja hurekodiwa peke yake) ya Tascam, Portastudio 424 MkIII, bado inastahili nafasi mezani kando ya Reaper, programu ya kompyuta ya kurekodi na kuhariri sauti, mradi kila kimoja kiachiwe kazi yake: kanda ipokee sauti, kompyuta ihariri.

Faida yake huonekana zaidi kwenye fidla. Fidla tatu zikipigwa mbele ya maikrofoni ya bei nafuu, kompyuta huzichukua pamoja na ukali wote wa upinde, na sauti ikizidi kiwango hukatwa ghafla ikabaki mikwaruzo. Kanda ikizidishiwa sauti kidogo hujaa polepole, ule ukali ukapungua na fidla zikashikana kama zimepigwa na watu waliozoeana. Sauti ya mwimbaji hunufaika vilevile. Ganuni, kwa maoni yangu, haifai kupitishwa humo, kwa kuwa nyuzi zake nyembamba hupoteza mng'aro. Mimi huirekodi moja kwa moja kwenye Reaper.

Mashine ina kasi mbili, sentimita 4.76 na 9.5 kwa sekunde. Kasi kubwa ndiyo yenye sauti safi, lakini hula kanda: kwa kuwa treki zote nne huelekea upande mmoja, kaseti ya dakika 60 hubakiwa na dakika 15 tu, na wimbo mmoja wa taarab asilia wenye beti nyingi unaweza kuimaliza. Kitufe cha kupandisha na kushusha mwendo nacho kiangaliwe kabla ya kuongeza akodiani, ala isiyoweza kutuniwa upya papo hapo kufuata kanda iliyopotoka.

Kazi ngumu ni kuhamisha sauti kwenda kwenye kompyuta. Mashine ina matundu manne ya kutolea sauti, moja kwa kila treki, kwa hiyo kadi ya sauti ya nje nayo lazima iwe na njia nne za kuingizia. Focusrite Scarlett 4i4 inatosha. Scarlett 2i2, ambayo wengi wanayo, ina njia mbili tu, na hapo mtu hulazimika kuipiga kanda mara mbili. Mota haizunguki kwa mwendo uleule kila mara, kwa hiyo treki za mara ya kwanza na za mara ya pili huachana. Tofauti ya asilimia 0.1 tu, katika wimbo wa dakika 10, ni zaidi ya nusu sekunde, na kwa dumbaki na rika nusu sekunde ni janga. Reaper ina zana za kuvuta sauti na kuilinganisha kipande kwa kipande, lakini ni kazi ya kuchosha ambayo kadi yenye njia nne huiondoa kabisa.

Reaper yenyewe ni nyepesi, haihitaji kompyuta mpya, hujaribiwa bure kwa siku 60, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60 za Marekani.

Anayenunua mashine iliyotumika aulize kwanza adapta yake ni ya voti ngapi, maana iliyotoka Japani imetengenezewa umeme wa voti 100 na wetu ni 230. Hedi, yaani sehemu inayogusa kanda na kuisoma, isafishwe kwa spiriti kila baada ya kazi, na kaseti zihifadhiwe kwenye chombo kinachofungwa barabara pamoja na vile vipakti vya kunyonya unyevu, kwani masika ya hapa huotesha koga juu ya kanda.

Mashine inataka kaseti za kromu, ambazo siku hizi ni adimu, na wapo wanaorekodi juu ya kaseti kuukuu za nyumbani. Hizo zisikilizwe kwanza, maana huenda ndani yake mna taarab ya harusi isiyopatikana popote pengine. Portastudio huisoma kaseti ya kawaida pande zote mbili kwa pamoja: upande wa kwanza hutoka treki ya 1 na 2, wa pili hutoka kinyumenyume treki ya 3 na 4. Weka kasi ndogo, zima dbx (mfumo wa mashine wa kupunguza mvumo wa kanda), ingiza treki zote nne kwenye Reaper, kisha geuza hizo mbili za mwisho. Kaseti nzima itakuwa imehamishwa kwa mpigo mmoja.