Visiwa vya Ugiriki: chagua njia ya meli kwanza, kisiwa baadaye

Wengi wanaopanga likizo ya Ugiriki huanza na picha, na picha huwaletea orodha ya aina hii: Santorini, Mykonos, Corfu, Zakynthos na Krete, siku kumi. Orodha hiyo haitekelezeki. Corfu na Zakynthos viko magharibi, katika Bahari ya Ionia. Santorini na Mykonos viko upande wa pili, katika Bahari ya Aegean, na bara zima la Ugiriki limelala katikati. Kutoka Corfu hupati meli ya kukufikisha Santorini moja kwa moja. Inabidi urudi Athens kwanza, na siku nzima ya likizo imekwenda na maji.

Tandaza ramani ya njia za meli kabla ya kulipia chumba chochote, kisha chagua visiwa vilivyo kwenye njia moja. Visiwa viwili vinatosha kwa wiki moja, vitatu kwa siku kumi au kumi na mbili. Siku ya kuhama usiihesabu kama siku ya likizo: hoteli inataka chumba chake kufikia saa tano asubuhi, meli inaingia mchana, na chumba kipya unakipata jua likielekea kuzama.

Njia bora kwa anayekwenda mara ya kwanza ni ile ya Piraeus (bandari ya Athens), Paros, Naxos na Santorini. Meli kubwa hutoka Piraeus asubuhi, hufika Paros baada ya masaa manne na kitu, Naxos baada ya masaa matano na nusu hivi, na Santorini baada ya masaa saba na nusu hadi manane. Saa za tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi.

Katika njia hiyo, Naxos ndicho tunachokipa alama za juu kabisa, hasa kwa wenye watoto. Meli inafunga gati mjini penyewe, mbele ya Portara, lango kubwa la marumaru la hekalu la Apollo ambalo halikumalizika kujengwa. Ufuo wa Agios Georgios uko mwendo wa dakika kumi hadi kumi na tano kwa miguu kutoka bandarini, na maji yake ni ya kina kifupi hadi mbali. Kusini zaidi kuna Agios Prokopios, Agia Anna na Plaka, zote zinafikika kwa basi. Tiketi ya basi nunua kabla ya kupanda. Hiki ni kisiwa cha wakulima na wafugaji: viazi vyake vinajulikana Ugiriki nzima, na jibini yake ya graviera iko karibu kila meza. Chakula kinachotoka shambani jirani kina nafuu mfukoni kuliko kile kilichovuka bahari.

Ukikodi gari kwa siku moja, panda milimani hadi Halki na Apeiranthos, kijiji ambacho vichochoro vyake vimesakafiwa kwa marumaru, kisha ushuke Apollonas kaskazini. Huko kuna sanamu ya kale, zaidi ya mita 10, imelala chali kwenye machimbo ilimochongwa na haikuwahi kusimamishwa. Mlima Zas, mita 1,004, ndio mrefu kuliko yote katika Cyclades, kundi la visiwa vya Aegean lenye Naxos, Paros na Santorini. Kasoro za Naxos ni mbili. Julai na Agosti upepo hurusha mchanga pale Plaka kiasi kwamba kulala ufuoni ni adhabu. Siku hizo hamia Agios Prokopios, penye kinga zaidi. Pili, kiwanja chake cha ndege kinapokea ndege ndogo tu, hivyo viti huisha mapema.

Santorini ni kizuri kweli, na bei yake inalijua hilo. Ukingo wa magharibi ni ukuta wa volkano iliyolipuka takriban miaka 3,600 iliyopita, na nyumba nyeupe za Fira, Imerovigli na Oia zimekaa juu ya jabali hilo. Upande huo hauna ufuo wa kushinda. Anayelipia chumba Oia akidhani atashuka hatua chache hadi mchangani atashangaa, kwa sababu fukwe za Kamari na Perissa ziko mgongoni mwa kisiwa, na mchanga wake mweusi unachoma nyayo mchana. Nenda na viatu vya maji.

Usiku mbili Santorini zinatosha. Fira ndipo pa kulala kwa anayetumia basi, maana mabasi yote hukutana pale. Imerovigli ina mandhari ileile kwa utulivu zaidi. Perissa na Kamari ni za bei nafuu. Kabla ya kulipa, iulize hoteli maswali mawili: kuna ngazi ngapi kutoka barabarani hadi chumbani, na nani anabeba masanduku? Mzee mwenye magoti mabovu anaweza kufungwa chumbani na ngazi sitini ambazo picha haikuzionyesha. Njia ya miguu kutoka Fira hadi Oia ni kilomita 10 hivi, masaa matatu hadi manne, karibu yote bila kivuli. Anza saa moja asubuhi na beba lita moja na nusu ya maji. Maji ya bomba kisiwani yana chumvichumvi, ya kunywa hununuliwa. Oia yenyewe itembelee kabla ya saa nne asubuhi, kabla watu wa meli za kitalii hawajapandishwa kutoka baharini. Jioni, umati unaosubiri machweo pale kwenye magofu ya ngome hujaa hadi huoni bahari. Imerovigli unaliona jua lilelile ukiwa umekaa.

Tahadhari nyingine ni Athinios, bandari ya meli ya Santorini. Iko chini kabisa ya jabali, ina barabara moja yenye kona kali, na meli mbili zikiingia pamoja magari hayasogei. Ondoka hotelini saa moja na nusu kabla ya muda wa meli, hata kama ramani ya simu inakuambia dakika ishirini.

Mykonos tunashauri ukiruke, isipokuwa unakwenda kwa ajili ya klabu za usiku au kuvuka kwenda Delos, kisiwa cha magofu ambako mtu haruhusiwi kulala. Boti ya Delos huchukua nusu saa, na upepo ukichafuka haiendi.

Milos kinastahili nafasi ya Mykonos. Majabali meupe ya Sarakiniko yanafikika kwa gari na hayana kiingilio, lakini Kleftiko, yale mapango na matao ya upande wa kusini magharibi, yanafikiwa vizuri kwa boti. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaweka safari ya boti siku ya mwisho, upepo unavuma, boti inaahirishwa, nao wanaondoka bila kuona. Iweke siku ya kwanza ili ubaki na siku za akiba. Soma pia mkataba wa gari la kukodi, kwa kuwa bima kwa kawaida haigusi barabara za vumbi za magharibi mwa kisiwa.

Krete ni likizo inayojitegemea. Kina urefu wa kilomita 260 hivi, na kutoka Chania hadi Heraklion ni masaa mawili na nusu ya kuendesha. Chagua upande mmoja. Magharibi kuna fukwe za Balos na Elafonisi, na korongo la Samaria, kilomita 16 za kushuka kwa miguu, linalofunguliwa kuanzia Mei hadi Oktoba hali ya hewa ikiruhusu. Korongo linakutoa Agia Roumeli, mahali pasipo na barabara. Lazima upande boti hadi Sougia au Chora Sfakion kisha basi. Nunua tiketi ya boti mara tu unapofika chini, ndipo ukae kula. Upande wa Heraklion kuna Knossos, magofu ya kasri la kale. Majira ya joto, boti ya mwendokasi hukutoa Heraklion hadi Santorini kwa masaa mawili hivi, na huo ndio muungano pekee wa Krete tunaoupendekeza.

Kwa Agosti, mtu asiyependa upepo aende Ionia. Kefalonia na Lefkada ni vya kijani, bahari imetulia zaidi, na Lefkada unaingia kwa gari kupitia daraja. Fukwe nyingi ni za kokoto, na bila gari utabaki hotelini. Zakynthos angalia jambo moja: ufuo wa Navagio, ule wenye meli iliyokwama, umefungwa kwa wageni kwa sababu ya maporomoko ya mawe. Mabango bado yanauonyesha. Boti zinakuonyesha kwa mbali.

Mashariki, karibu na Uturuki, kuna Rhodes na mji wake mkongwe wenye kuta, Kos, na Patmo, kile cha kitabu cha Ufunuo. Patmo hakina kiwanja cha ndege. Pango linaloaminika kuwa la Yohana liko kati ya bandari ya Skala na mji wa juu, na juu zaidi kuna monasteri iliyoanzishwa mwaka 1088; mabega na magoti yafunikwe. Waislamu watafurahi kujua kuwa Rhodes na Kos vina jamii ndogo ya Kiislamu, na kijiji cha Platani, nje kidogo ya mji wa Kos, ni mahali pazuri pa kuulizia nyama halali. Kwingineko gyros na souvlaki, nyama za kuchoma za Kigiriki, kwa kawaida ni nguruwe. Ukitaka kuku, sema kotopoulo.

Upande huu una mtego wa viza. Kutoka Kos kuna boti za kwenda Bodrum, Uturuki, na kurudi siku hiyohiyo, na Rhodes kuna za Marmaris, Uturuki pia. Ukivuka umetoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye viza ya kuingia mara moja hawezi kurudi kisiwani kuchukua sanduku lake. Omba viza ya kuingia mara nyingi kama una mpango huo. Viza yenyewe kwa mtu mzima ni yuro 90, bima ya safari isipungue yuro 30,000, na maombi yanapokelewa hadi miezi sita kabla. Mtanzania au Mkenya anayeishi Uingereza naye anaihitaji. Leseni ya kimataifa ya udereva itafute nyumbani kabla ya kuondoka, hata kama unataka kukodi pikipiki ya magurudumu manne tu.

Sasa usafiri wenyewe, ambao ndio nusu ya likizo. Meli kubwa ya kawaida ni bora kuliko ya mwendokasi kwa karibu kila mtu. Ya mwendokasi hupunguza masaa mawili hadi matatu kwenda Santorini, lakini nauli hukaribia mara mbili, unafungiwa ndani kama ndege, na inarushwa na mawimbi. Meli kubwa ina sitaha ya nje, mgahawa, na nafasi ya kutembea. Kuanzia Julai hadi Agosti upepo wa kaskazini uitwao meltemi huvuma Aegean siku kadhaa mfululizo huku anga likiwa safi kabisa. Aliyevuka Dar kwenda Unguja kusi ikiwa kali anaijua bahari ya namna hiyo. Boti za mwendokasi huzuiwa mapema. Meli kubwa huendelea hadi upepo unapofikia takriban 8 kwenye kipimo cha upepo cha Beaufort.

Piraeus ni bandari kubwa, na mageti yake yana namba. Meli za Cyclades nyingi ziko E6 na E7, za Dodecanese (visiwa vya mashariki kama Rhodes na Kos) E1, ambako ni mbali na kituo cha metro. Soma geti kwenye tiketi. Kutoka uwanja wa ndege metro ya buluu hufika moja kwa moja kwa yuro 9 na karibu saa moja. Basi la X96 ni yuro 5.50 na linatembea usiku kucha. Andros, Tinos na Mykonos vina meli kutoka bandari ya Rafina, karibu zaidi na uwanja wa ndege.

Unapanda kupitia mlango wa nyuma, palepale magari yanapoingilia. Pembeni kuna rafu za mizigo zenye majina ya visiwa. Weka sanduku kwenye rafu ya kisiwa chako, chukua pasipoti na dawa, panda juu. Kisiwa kikikaribia hutangazwa, na hapo shuka mara moja. Mtasimama gereji mkiwa mmebanana, moshi wa malori puani, minyororo ikilia, mlango ukianza kuteremka kabla meli haijatulia. Visiwa vya katikati meli husimama dakika chache tu, na anayemalizia kahawa juu huenda akashukia kisiwa kinachofuata.

Gharama mbili hazionekani kwenye bei ya mtandaoni. Kuanzia Aprili hadi Oktoba kuna ada ya tabianchi kwa kila chumba kila usiku: yuro 2 kwa hoteli ya nyota moja au mbili, 5 kwa nyota tatu, 10 kwa nyota nne, 15 kwa nyota tano, na kwa kawaida hulipwa mapokezi. Na samaki wabichi huuzwa kwa kilo: mwombe mhudumu ampime mbele yako na akutajie jumla kabla hajapelekwa jikoni.

Miezi mizuri ni Juni na Septemba; Septemba bahari ina joto zaidi. Wiki ya tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria, Wagiriki wenyewe wanasafiri na tiketi zinaisha. Usiku wa mwisho lala Athens, usiweke meli na ndege ya kimataifa siku moja. Meli ikifutwa kwa upepo au mgomo wa mabaharia, nauli yake utarudishiwa. Ndege iliyokuacha ni juu yako.