Paa bapa la Le Corbusier au kingo ndefu za Wright: lipi kwa Moshi?

Viwanja vya Moshi siku hizi vimejaa nyumba za paa la kuficha, yaani bati limefichwa nyuma ya ukuta na nyumba huonekana kama ya paa bapa. Sura hiyo inadaiwa mengi na msanifu majengo Le Corbusier (1887–1965), mzaliwa wa Uswisi aliyechukua uraia wa Ufaransa. Villa Savoye yake huko Poissy, iliyokamilika 1931, imesimama juu ya nguzo, ina madirisha marefu kama utepe na bustani juu ya paa. Inapendeza machoni, lakini ilivuja, na wenyewe walimlalamikia.

Msanifu mwenzake, Mmarekani Frank Lloyd Wright (1867–1959), alishika njia nyingine: Robie House ya Chicago, 1910, ina paa la mteremko mdogo lenye kingo zilizotokeza mbali. (Naye hakuwa malaika: vibaraza vya zege vya Fallingwater, nyumba yake nyingine, vililegea, vikakazwa kwa nyaya za chuma 2002.)

Wakati wa masika, paa bapa halitaki mzaha. Lipe mteremko wa angalau sentimita 2 kwa kila mita, pandisha kizuia maji sentimita 15 ukutani, weka matundu mawili ya kutolea maji; likiwa moja likazibwa na majani, maji hutuama na kupenya kwenye maungio. Lijaze maji saa 24 ulijaribu kabla ya kupiga plasta ndani. Ukificha bati nyuma ya ukuta, mtaro wa ndani ndio utakaokusumbua.

Kingo za sentimita 60 hadi 90 hulinda kuta na madirisha, ila kenchi (fremu za paa) zifungwe kwa nondo zilizotoka kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya kuta), upepo usiziinue. Kwa bajeti ya kawaida, Wright.