Digrii ya saikolojia: nimemaliza, natoa nyota nne kati ya tano

Nianze na takwimu maana hakuna anayekwambia mapema. Mwaka wa kwanza tu unakabidhiwa SPSS, ile programu ya kompyuta ya kuchambua data, sijui wastani, sijui mkengeuko sanifu, sijui p chini ya 0.05, na wewe ulikuja ukijua utakaa kwenye kochi unasikiliza watu wanalia. Darasani kwetu kadhaa walihama kozi semista ya pili na siwalaumu. Halafu mtu akisikia unasoma saikolojia anakukazia macho, "haya nambie nawaza nini". Sijui bwana, labda unawaza kunisumbua.

Lakini praktikali jamani, hizo ndo zimeibeba hii digrii. Tulifanya lile jaribio la Stroop la 1935, unamwonyesha mtu neno KIJANI limeandikwa kwa wino mwekundu, anatakiwa ataje rangi ya wino, asisome neno, na wewe unampima muda. Rumeti wangu akaapa hakosei, neno la tatu tu kakwama mdomo wazi, kacheka, kanuna, anataka arudie. Raha inaisha ukianza kuingiza data, manake kati ya watu 20 mmoja alipokea simu katikati ya zoezi, sasa huyo unamtoa au unamwacha? Ukimtoa matokeo yananyooka, ukimwacha yanavurugika. Nilikesha na huo mstari mmoja. Mwisho nikamtoa ila nikaandika kwenye ripoti kwamba nimemtoa na kwa nini, na nadhani usiku ule nilijifunza kuliko lekcha zote za semista.

Kinachoudhi, mwanzoni unakaririshwa majaribio, Milgram na watu wake walioamriwa kumpiga mtu shoti za umeme (za kuigiza), 26 kati ya 40 wakafika mpaka volti 450, lile gereza la kuigiza la Stanford la 1971, halafu mwaka wa mwisho ndo unaambiwa kumbe kuna watafiti walirudia tafiti 100, ripoti ikatoka 2015, na kama asilimia 36 tu ndo zilitoa tena matokeo yenye maana kitakwimu. Si mngesema mapema? Nyota moja naikata hapo, pamoja na msimamizi wangu wa projekti aliyekuwa anajibu meseji baada ya wiki tatu.

Na ukimaliza bado hujawa mtu wa kutibu watu, sehemu nyingi wanataka masterz na mafunzo chini ya usimamizi, kwa hiyo kama ndo lengo lako piga hesabu ya miaka kabla hujajaza fomu. Ila kama we ni wa kusikia "utafiti unaonyesha" ukauliza walipima watu wangapi, ingia tu, utaenjoi.

Rumeti mpaka leo anadai nilimwibia kwenye stopwochi.