Mwaka mmoja na Canon 50mm f/1.8 STM: lenzi niliyofundishia, na video tuliyolazimika kuirudia

"Dada, mbona nazungusha hii ringi na picha haiji karibu?"

Ndilo swali la kwanza nililoulizwa siku nilipoifunga lenzi hii kwenye kamera na kumkabidhi kijana mmoja kati ya wanne ninaowafundisha kupiga picha kila Jumamosi. Nilimjibu kwamba haivuti. Ina milimita 50 basi, haipandi wala haishuki. Akitaka kitu kiwe kikubwa, akisogelee. Akakunja uso, akanirudishia kamera, akaomba ile lenzi ya 18-55 aliyoizoea, inayovuta, iliyokuja na kamera.

Mimi mwenyewe bado ni mwanafunzi, nasoma mawasiliano ya umma. Jumamosi nafundisha, na katikati ya wiki nina kazi ya darasani ya kuchambua video za matangazo: zile fupi za kunadi chuo, hoteli, karakana, au kampeni ya chanjo. Naziangalia shoti moja moja na kuandika nilichokiona. Lenzi hii imeingia katika kazi zote mbili mwaka mzima, na ninachoandika hapa ni kwa mtu mwenye kamera ya kuanzia na lenzi iliyokuja nayo, anayejiuliza anunue nini baada ya hapo.

Tuanze na yenyewe. Ni ndogo, ina uzito wa gramu 160 hivi, nyepesi kuliko simu nyingi za sasa. Ilitoka mwaka 2015 kuchukua nafasi ya ile iliyokuwa sokoni tangu 1990, ambayo sehemu yake ya kufungia kwenye kamera ilikuwa ya plastiki. Hii ni ya chuma, jambo ambalo utalishukuru vijana wanne wakiwa wanaifunga na kuifungua mchana kutwa. Ile ya zamani ilikuwa haishiki fokasi chini ya sentimita 45. Hii inakwenda hadi 35. Kwenye karatasi ni tofauti ya sentimita 10 tu, lakini mbele ya tundu la sindano ni kubwa, na hadithi ya sindano nitaisimulia.

Sasa hili la kutovuta, maana ndilo lililonifanya niipende. Jumamosi zile za mwanzo, tukitumia 18-55, niliona kitu kimoja kinajirudia. Nikimaliza kueleza, vijana wote wanabaki palepale walipokuwa wamesimama wakati naongea, wanainua kamera, wanazungusha ringi. Picha zote nne zinatoka na pembe ileile, urefu uleule wa macho, mgongo uleule wa mtu aliye mbele yao. Nilisema sana kuhusu kusogea, na maneno yangu hayakusaidia chochote. Tulipohamia lenzi ya 50, nilipanga zamu: kila mmoja dakika kumi na picha 12 tu, wengine watatu wanamtazama anavyohama. Zamu ya pili tayari walikuwa wanapiga magoti, wanapanda ngazi, wanazunguka nyuma ya mlango. Hawakuwa na namna nyingine.

Kuna pia hesabu ya umbali ambayo nadhani wanaoisifia lenzi hii huwa hawaitaji. Kwenye kamera zetu, zenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ndogo, ya ukubwa unaoitwa APS-C ya Canon, ukisimama mita 2 kutoka kwa mtu na kamera ikiwa wima, fremu inabeba takriban sentimita 90: kichwa mpaka kiunoni. Mita 2 ni umbali wa mazungumzo. Huwezi kumpiga mtu picha ya nusu mwili kutoka ng'ambo ya barabara bila yeye kujua. Lazima umfuate, umsalimie, umweleze unafanya nini. Katika kundi langu yupo binti mmoja mwenye haya, ambaye kwa miezi miwili alipiga picha za milango, viti na majani. Siku ya zamu yake nilimwona amesimama mbele ya mzee mmoja, kamera bado imening'inia shingoni, wanaongea. Alitumia dakika sita kati ya kumi kuongea na dakika nne kupiga. Picha ya mzee yule ndiyo ya kwanza aliyoniletea bila kuombwa.

Kuhusu mwanga, nitasema kwa mfano mmoja. Ndani ya chumba chenye dirisha moja, lenzi ya 18-55 ikiwa imevutwa mpaka mwisho inafungua f/5.6 tu (namba ikipanda, upenyo wa kupitishia mwanga unapungua). Kwa ISO 1600 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga) kamera ilitupa kasi ya 1/20 ya sekunde, na mikono ya watu ikatoka imepakaa kama rangi mbichi iliyoguswa. Lenzi ya 50 ikiwa f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi, kwa hiyo chumba kilekile, ISO ileile, kasi inakwenda 1/200. Sikuhitaji kueleza upenyo wa lenzi ni nini zaidi ya hapo. Waliona wenyewe.

Sindano sasa. Tulikwenda kwa fundi cherehani mmoja, mtu mzima mwenye subira ya ajabu, na binti yule akataka kumpiga picha anapotunga uzi. Akasogea mpaka kamera ikagoma kushika fokasi, akarudi nyuma kidogo, akabana pumzi. Fundi akalowesha ncha ya uzi mdomoni, akaibana kwa vidole viwili ikawa bapa, akainua sindano kwenye mwanga wa dirisha. Picha 12. Tulipozikuza kwenye kioo cha kamera, moja tu ilikuwa na tundu la sindano likiwa kali; katika zilizobaki kilichoshika ni ukucha, au mkunjo wa ngozi ya kidole, au hakuna kitu kabisa. Alikuwa ameacha f/1.8, na kwa umbali wa sentimita 35 sehemu inayotoka kali ina unene wa milimita 3 hivi. Ukipumua tu umeipoteza. Nikamwambia afunge hadi f/5.6, ambapo unakuwa kama milimita 9, apandishe ISO, amwombe fundi arudie. Fundi akachomoa uzi, akaanza upya bila neno. Safari hii picha saba kati ya 12 zilikubali.

Nalisisitiza hili kwa sababu lenzi hii inauzwa kwa ile namba 1.8 na ukungu mzuri unaokaa nyuma ya mtu. Ukungu upo, na ni mzuri kweli. Lakini ukiwa mita 1 kutoka kwenye uso wa mtu na f/1.8, unene wa sehemu kali haufiki sentimita 3. Jicho litakuwa kali na sikio halitakuwepo. Wanafunzi wangu nawaanzisha f/4, na kushuka chini ya hapo lazima mtu aniambie kwanza anataka kuficha nini.

Jambo jingine la kuweka sawa. Mtasikia kwamba milimita 50 ndivyo jicho linavyoona, na kwamba Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi yake na lenzi ya 50. La Cartier-Bresson ni kweli, ila kamera yake ilitumia filamu ya milimita 35, yenye fremu kubwa kuliko sensa zetu. Kwenye APS-C ya Canon unazidisha kwa 1.6, na lenzi hii inaona kama ya milimita 80: lenzi ya sura za watu, yenye pembe nyembamba. Kwenye Nikon na wengine kadhaa unazidisha kwa 1.5. Mimi nililijua hili kama namba tu, mpaka siku liliponigharimu.

Ilikuwa hivi. Fundi yule alitutendea wema, nasi tukaamua kumtengenezea video fupi ya kunadi kazi yake, sekunde 45. Wakati huo nilikuwa nimezama kwenye uchambuzi wangu. Namna ninavyofanya ni kwamba naiangalia video mara ya kwanza bila sauti. Mara ya pili nasikiliza sauti bila picha. Mara ya tatu nakaa na karatasi yenye safu nne: sekunde, kilichomo kwenye fremu, umbali wa kamera, na kama nyuma kunasomeka au hakusomeki. Ni kazi ya kuchosha sana, na ndiyo iliyonifundisha kuliko mihadhara. Nilikuwa nimejaza karatasi nyingi zenye mikono, nyuso na ukungu, na nikaona jibu ni kupiga video nzima ya fundi kwa lenzi ya 50, upenyo wazi.

Ilitoka nzuri machoni. Shoti 19: mkasi unapita kwenye kitambaa, chaki, mguu kwenye kanyagio, uzi, tabasamu. Tulimpelekea fundi, akaitazama mpaka mwisho akiwa ameishika simu kwa mikono miwili. Kisha akaniambia, "Mwanangu, mikono yangu naiona, nyuzi naziona. Sasa mteja akitaka kuja, atakuja wapi?"

Katika shoti 19 hapakuwa na hata moja yenye mlango. Hapakuwa na chumba. Nilirudi kwenye karatasi zangu usiku ule na kuzisoma upya, safu ya nne tu. Katika video zilizonivutia zaidi, mahali palionyeshwa mapema, mara nyingi katika shoti ya kwanza au ya pili, pana na pasomeke, ndipo mikono na nyuso zikafuata. Ukungu ulikuwa mzuri kwa sababu mtazamaji alikwishajua ukungu huo ni wa wapi. Lev Kuleshov, yule mtengeneza filamu wa Urusi, anakumbukwa kwa jaribio la kuunganisha uso uleule wa mwigizaji na sahani ya supu, kisha na jeneza, na watazamaji wakauona uso huo una njaa, kisha una huzuni. Nilifundishwa hilo darasani na nikaliandika kwenye mtihani. Kumbe nilikuwa sijaelewa kwamba shoti ya mkono wa fundi nayo inaomba jirani wa kuipa maana, na mimi nilikuwa nimeipa majirani 18 waliofanana nayo.

Lenzi haikuwa na kosa. Hesabu ndiyo ilivyo. Ukiwa umeegemea ukuta wa chumba cha mita 3, lenzi hii kwenye APS-C inaona mita 1.3 tu za ukuta wa pili. Ile 18-55, ikiwa kwenye 18, palepale ulipo inaona mita 3.7. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayenunua: usiiuze lenzi iliyokuja na kamera. Watu wengi huiuza ili kupata fedha ya kuongezea kwenye hii, na wakianza kurekodi video za mahali wanakwama.

Tuliirudia. Shoti ya kwanza sasa ni mlango unafunguliwa kutoka ndani, milimita 18, f/8, kamera kwenye stendi, sekunde nne nzima hadi cherehani, dirisha na nguo zilizoning'inizwa zisomeke. Ya pili ni sindano, kwa 50. Fundi aliposhika simu tena alisema tu, "Hapa sasa ni kwangu."

Kwa wanaorekodi video, mambo machache zaidi. Mota ya STM inasogeza fokasi kwa utulivu na kelele yake ni ndogo, ingawa katika chumba kimya maikrofoni ya kamera inaweza kuinasa. Haina kituliza mtikisiko, na kwa pembe nyembamba namna hii mkono wa mtu unaonekana kila unapotetemeka. Weka stendi, au viwiko mezani. Ringi ya fokasi inafanya kazi kwa umeme, kwa hiyo kamera ikiwa imezimwa utazungusha bure, na haina alama za umbali. Nje kwenye jua kali, ukirekodi fremu 25 kwa sekunde na kasi ya 1/50 kama inavyotakiwa, f/1.8 inaingiza mwanga zaidi ya mara 100 ya unaohitajika, hata kwa ISO 100. Nunua kichujio cheusi cha ND, cha kupunguza mwanga, cha milimita 49, au funga upenyo na ukubali nyuma kuonekana. Kinga ya jua haimo kwenye boksi, inanunuliwa peke yake.

Mwenye kamera mpya za Canon zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) atahitaji adapta ili kuifunga lenzi hii. Yeye ni bora atazame RF 50mm f/1.8 STM iliyotoka 2020, yenye uzito huohuo na inayosogelea hadi sentimita 30.

Na ukinunua iliyotumika, jambo la kukagua ni bomba la mbele. Linatoka nje wakati wa kutafuta fokasi, na mtu akizima kamera likiwa nje, linaweza kubaki nje na kwenda mkobani hivyohivyo; tumewahi kulikuta limebanwa na kitabu. Washa kamera, elekeza kwenye kitu cha karibu, kisha cha mbali, mara tano au sita. Litoke na kurudi bila kukwaruza wala kusita. Likisita, rudisha kwa mwenyewe utafute nyingine, zipo nyingi.