TAHADHARI: Wakala wa nafasi za shule Dubai ni tapeli, msitume hela

Jamani wenye mpango wa kuhamia Dubai na watoto, someni hii kabla hamjatuma hata mia. Kuna jamaa yumo kwenye magrupu yetu ya Waswahili wa Uarabuni, anajiita wakala wa shule za kimataifa. Mwizi. Kala hela ya shule ya wanangu.

Mnajua ishu ya mume wangu, Baba Zuu, na ule mkataba wake wa kazi kule Dubai, haraka ilikuwepo, kwa hiyo msianze kuniuliza kwa nini sikusubiri. Huyu mtu tuliunganishwa naye na mtu tunayemheshimu, Kiswahili cha pwani kile laini, salamu ndefu, dada dada nyingi, anaulizia mpaka kikohozi cha mtoto. Siku ya siku kanipigia video kasimama getini kabisa, mabasi ya njano yanapita nyuma yake, watoto na yunifomu, mlinzi anampungia mkono, akageuza kamera nikasoma kibao cha shule kwa macho yangu. Akanambia "dada nafasi zimebaki mbili, ndani kuna mama keshatoa kadi alipe, usikate simu nakutumia namba sasa hivi." Mi niko kwenye daladala Buguruni, foleni haisogei, chaji inaisha, konda anadai nauli, nikatuma milioni 3.5 hapo hapo. Nani angekataa? Shule ipo, kibao kipo. Na risiti ikaja, nembo, mhuri, majina ya watoto yote sawasawa, hadi lile la kati ambalo hata walimu wao huku wanalikosea!

Baba Zuu kafika mapokezi na risiti mkononi, kompyuta haina jina hata moja. Wakamwambia malipo yanafanyika ofisini kwao au kwenye akaunti yenye jina la shule, wakala hawana. Mwanaume mzima kanitumia voisi sauti imekauka. Jamaa kashanibloku, na ile picha yake ya Makka kaitoa. Kumbe getini pale anasimama yeyote, hata muuza vocha.

Sasa nikirudi nyuma, shule yenyewe ya mtaala wa Kihindi na yeye ananambia mwaka unaanza Septemba, wakati za Kihindi Dubai zinaanza Aprili, ni zile za mtaala wa Kiingereza ndo zinafungua mwisho wa Agosti au Septemba. Halafu namba ya kupokea hela ya Bongo, eti ya dadake, yeye atalipa kwa dirham kule. Ripoti ya mtoto hakuomba, cheti cha uhamisho hakuomba. KHDA, wale wanaosimamia shule binafsi za Dubai, wanaweka ada za kila shule tovutini darasa kwa darasa, na ripoti za ukaguzi, bure kabisa, na ada aliyonitajia yeye wala haifanani na ya pale.

Lakini mi nataka akamatwe. Huku polisi nimeshafungua jalada, na Baba Zuu anaenda polisi kule, akidakwa mtu asije kuniletea habari za msamehe ana familia, na mimi nina nini? Alale ndani, arudishe yote, na yule dadake mwenye laini naye aunganishwe. Kama na wewe ulitumiwa risiti yenye mhuri wa bluu wa mviringo, njoo inbox leo, tunakusanya.