Uzoefu wangu: nilimkaribisha msanii wa kuchora ukuta wiki mbili hapa Ruai

Nampa nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimepunguza nusu ni yake, nusu ni ya ubahili wetu, mtaona.

Kwanza mjue ni wapi. Ruai ni Nairobi kwa karatasi lakini ukishuka hapa Kangundo Road unaona ni kamji ka mashambani tu, punda wanavuta mikokoteni ya maji, udongo ni ule mweusi ukinyeshewa unabaki na kiatu chako, na jioni upepo ukigeuka tunaletewa harufu ya mabwawa ya maji taka, yale watu huita ya Dandora na yako huku kwetu. Mimi nina agrovet, duka la dawa za mifugo na mbegu, kwa laini ya maduka 6 karibu na steji. Ukuta wa mwisho unaangalia barabara, mita 9 kwa 4, ulikuwa umebandikwa mabango ya waganga juu ya mabango ya siasa mpaka huoni simiti. Tukachanga wote sita, mzee mwenye ploti akaongeza kidogo baada ya kubembelezwa sana, tukapata dada mmoja anachora. Kazi yake 45,000, nusu anapewa mbele, rangi tununue sisi, kulala na kula ni kwangu kwa sababu kijana wangu yuko bodingi na chumba kiko.

Alikuja Mei kuangalia ukuta, akaugongagonga na kidole, akasema hapa chini plasta imekufa itolewe. Fundi akapiga mpya, mimi nikajua basi wiki ijayo tunaanza. Dada akakataa kabisa, ati simiti mbichi ina ukali unakula rangi, ingoje kama mwezi. Nilifikiria ananizungusha na dipositi yetu iko kwake, nikauliza fundi wa mtaa mwingine, naye akacheka akasema siku 28, anti, hiyo kila fundi anajua. Sasa yule wetu alikuwa anajua na akanyamaza, lakini hayo tuyaache.

Akarudi mwisho wa Juni, mvua imeisha. Siku tatu za kwanza hakushika brashi. Anaamka, anakunywa chai ya rangi (maziwa hanywi, huyo ni mgeni rahisi kulisha, githeri anakula mpaka anaomba ukoko), halafu anaenda kukaa steji na kale kadaftari kake anaongea na watu wa boda na mama mboga. Kwa grupu ya WhatsApp ya maduka nikaanza kuulizwa mgeni wako anafanya kazi saa ngapi. Siku ya nne akapaka nyeupe, ya tano akachukua brashi akajaza ukuta mzima michoro ya ajabu, herufi, miduara, macho, mistari imeenda hovyo kama mtoto wa nasari ameachwa na makaa. Simu nilizopigwa asubuhi hiyo! Mzee wa ploti alikuja mwenyewe na fimbo. Kumbe ni mbinu, anapiga ukuta picha na simu, anaweka mchoro wake mdogo juu ya hiyo picha, halafu ile michoro ya ovyo inakuwa alama za kumwonyesha hapa ndio kichwa, hapa ndio mguu, hahitaji kupima na kamba. Mimi nilielewa. Mzee hakuelewa, lakini aliketi kwa kreti ya soda kuangalia na hakutoka mpaka saa kumi na moja, na kesho yake akarudi.

Kila mtu alikuwa na lake la kuchorwa. Mzee alitaka simba. Wa M-Pesa alitaka jina la duka na namba yake kubwa, dada akamwambia pole, hiyo ikiingia ukuta unakuwa tangazo, na matangazo kaunti inatoza ada, utalipa wewe? Akanyamaza. Wengine walitaka Yesu, hapo ndio dada akaniuliza anti kwenu ni wapi, nikasema Murang'a, akaniuliza kama nimewahi kuangalia vizuri kuta za kanisa la St James pale mjini. Nimeenda harusi humo mara ngapi! Mchoraji ni Elimo Njau, mtu wa Kilimanjaro, ndiye alikuja kuanzisha Paa ya Paa, kituo cha sanaa, hapa Nairobi 1965. Hizo picha za Murang'a ziko tano, alichora miaka ya hamsini, na Yesu ni Mwafrika, na milima nyuma yake ni yetu. Miaka yote nimekaa chini yake naangalia kofia za watu.

Dada mwenyewe alichora ndege. Hiyo sikuitarajia. Zile siku tatu alikuwa ameenda na kijana wa boda mpaka upande wa mabwawa, na sisi tunajua mabwawa kwa harufu tu, kumbe watu huja na darubini kuangalia ndege wa maji huko, na heroe, wale flamingo wa waridi, pia huonekana wakati mwingine. Basi ukuta una heroe wawili wakubwa, bata, punda na mkokoteni wake, na mitungi ya njano. Nusu mita ya chini aliacha kahawia nzito makusudi, matope yakirushwa na magari yasionekane, na ninyi mkichorewa mwambieni afanye hivyo.

Sasa malalamiko. Gharama ya mgeni si chakula, ni maji, sisi tunanunua kwa mtungi na brashi zinakula mitungi miwili kwa siku, pangeni hiyo kabla. Alichelewa siku tatu bila kusema. Na ile rangi ya waridi ya heroe mmoja imeanza kupauka, jua linapiga huo ukuta mchana wote. Alituambia tununue ile ya kupaka nje, ya bei ya juu, sisi tukachukua ya bei nafuu kwa ndoo moja, na ndio hiyo ndoo imepauka, zile zingine ziko sawa. Amesema atarudi Januari kuipaka upya, rangi juu yetu, na safari hii hakuna aliyebisha kuhusu bei.

Lingine ni langu na yeye. Alichanganyia rangi kwa sufuria yangu kubwa ya ugali bila kuniuliza, akaosha, akairudisha jikoni kimya kimya. Niliona juzi nikiigeuza juani, waridi imeshika kwa mshono wa chini. Namwekea hapo mlangoni aione akija.