Kitabu cha Python nilichonunua Wandegeya: maelezo matamu, mifano haisomeki

Jamani nimekaa na hiki kitabu cha Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, wiki 3, nikaona niandike kabla mtu hajatoa elfu 45 zake. Nilikichukua Wandegeya, Kampala, kwenye yale maduka ya vitabu na fotokopi karibu na Makerere, kwa ajili ya mtoto wa dada yangu aliyemaliza S6 (kidato cha sita) yuko tu nyumbani.

Maelezo nayasifu kabisa. Luupu, yaani amri zinazorudiwa rudiwa, kaieleza kwa konda wa taxi ya watu 14 anayeita abiria mpaka gari ijae, kijana akashika palepale.

Shida ni mifano yenyewe. Kwenye Python ile nafasi ya mwanzo wa mstari si mapambo, ndiyo inayoiambia kompyuta mstari huu uko ndani ya luupu au nje, na kawaida ni spesi 4. Sasa fungua ukurasa wa 62, luupu inaanza mstari wa mwisho kabisa chini, ukigeuza karatasi ule mstari wa print (amri ya kuonyesha maandishi) umebanwa kushoto kabisa kama hauihusu. Kijana akauandika vile vile alivyouona, na ndivyo anavyotakiwa, kompyuta ikamrushia IndentationError, yaani kosa la nafasi ya mwanzo wa mstari, akakaa nayo jioni nzima anadhani yeye ndiye mzito wa kuelewa. Hilo limeniuma sana.

Fonti nayo ni ile ile ya maelezo, i nyembamba m pana, mistari haipangani, l ndogo na namba 1 ni mapacha halafu kuna sehemu wameita kigeu (jina la kuhifadhia thamani) l tu, wakati PEP 8, mwongozo wa Python wenyewe, unasema herufi hiyo peke yake isitumike kabisa! Mistari mirefu imekatwa popote karatasi ilipoishia. Na ukikopi kutoka kwenye PDF yake zile alama za kunukuu zimepinda, Python inazikataa.

Nilichofanya nimeshika penseli na rula, kila luupu nachora mstari wima kuonyesha kilicho ndani, na tangu hapo kijana anaenda vizuri.

Nyota 3, zote za maelezo. Wakitoa toleo jipya waweke fonti ya herufi za upana mmoja, kama Courier, na mfano mfupi usigawanywe kurasa mbili, nitanunua nakala 2, moja naipeleka kwa dada Jinja.